Sarafu moja ya Afrika Mashariki: Kongo inajitayarisha, na sisi wa mashariki tuulize nini?

Mwezi wa tatu 2024, ujumbe mmoja ulizunguka kwa haraka katika vikundi vya WhatsApp vya makanisa yetu. Ulikuwa na picha za noti nzuri, na jina geni: Sheafra. Ulisema kwamba nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimepata sarafu moja, na kwamba shilingi na franka zinaelekea kufa. Ofisi za Jumuiya huko Arusha zilikanusha: akaunti iliyotangaza haikuwa yao, na noti hizo hazikuwepo. Lakini wakati ukanusho unafika, mama mmoja wa kwaya alikuwa amekwisha kuniuliza mlangoni pa kanisa: "Pasta, hizi franka zangu nizipeleke wapi mbele hazijakufa?"

Nilimwambia azikalishe, habari ni ya uongo. Ila swali lake halikuwa la kijinga. Nyuma ya uongo ule kuna jambo la kweli: nchi yetu imeingia katika Jumuiya ambayo imeandika, tena kwa sahihi za marais, kwamba siku moja itakuwa na sarafu moja. Wengi wetu hatukuambiwa hivyo wakati wa furaha ya 2022. Tuliambiwa juu ya pasipoti, visa, bandari ya Mombasa na Dar es Salaam. Juu ya pesa tuliambiwa kidogo sana.

Tupange mambo vizuri. Wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali kuipokea Kongo tarehe 29 Machi 2022. Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi mkataba wa kujiunga huko Nairobi tarehe 8 Aprili, na mwezi wa saba mwaka huo huo Kongo ikawa mwanachama kamili. Anayejiunga na Jumuiya hachagui vipande anavyovipenda kama mtu anayechagua mboga sokoni. Anapokea ngazi zote nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa sarafu, na mwishoni shirikisho la kisiasa. Itifaki ya umoja wa sarafu ilitiwa sahihi Kampala tarehe 30 Novemba 2013, miaka karibu tisa mbele ya sisi kuingia. Wakati ule walipanga sarafu ianze 2024. Mwaka 2024 umepita, na tarehe inayotajwa sasa ni 2031.

Kwa hiyo hakuna noti mpya inayokuja kesho. Kuna masharti, na masharti hayo ndiyo matayarisho yenyewe.

Vipimo vine

Masharti makubwa ni manne. Bei zisipande zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka. Serikali isitumie zaidi ya inachopata kwa kiasi kinachopita asilimia 3 ya pato la taifa, misaada ikihesabiwa ndani. Deni la serikali lisipite asilimia 50 ya pato la taifa. Na Banki Kuu iwe na akiba ya pesa za kigeni inayoweza kulipia miezi 4 na nusu ya bidhaa zinazotoka nje. Haitoshi kufika hapo mara moja kama mwanafunzi anayekesha usiku mmoja mbele ya mtihani. Nchi inapaswa kukaa ndani ya vipimo hivyo miaka 3 mfululizo.

Kongo iko wapi? Kuhusu deni, tunapita kwa raha: deni letu ni karibu robo ya pato la taifa, wakati Kenya, ambayo wengi wetu tunaiangalia kama kaka tajiri, imepita ile 50 kwa mbali. Lakini tusijisifu haraka. Deni letu ni dogo kwa sababu mwaka 2010 wakopeshaji walitusamehe mabilioni ya dola, na kwa sababu kwa muda mrefu si wengi waliopenda kutukopesha. Mtu ambaye hakuna duka linalomwandika kwenye daftari la deni hawezi kusema kwamba anajua kutunza pesa.

Kuhusu pengo la bajeti, kwenye karatasi tumekuwa ndani ya kipimo miaka hii, ingawa vita inakula pesa nyingi na si kila deni la ndani linaonekana kwenye karatasi. Waalimu wanaosubiri mishahara wanalijua hilo bila kusoma ripoti yoyote.

Bei za vitu zimekuwa na hadithi yake. Mwaka 2023 zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Mwaka 2024 mwendo ulipungua lakini ulibaki juu ya 10. Mwaka 2025 ukashuka sana. Na akiba ya pesa za kigeni, ndipo tunapoanguka: mpaka mwisho wa 2024 ilikuwa haitoshi hata miezi 3 ya manunuzi. Imekua kuliko zamani, na ni haki kuwapa sifa waliofanya kazi hiyo, lakini kutoka hapo hadi miezi 4 na nusu kuna mlima.

Hayo ndiyo matayarisho yanayoonekana kwa namba. Kuna yale ya sheria, na hapa wabunge wetu wana kazi ambayo sijasikia wengi wakiizungumzia. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 170, inasema franka ya Kongo ndiyo sarafu ya taifa na inapokelewa katika nchi nzima. Kifungu cha 217 kinaruhusu Kongo kuacha sehemu ya mamlaka yake kwa ajili ya umoja wa Afrika. Vifungu hivi viwili havigombani leo, lakini siku franka itakapotakiwa kuachia nafasi yake, itabidi mmoja amsogelee mwenzake. Watu wanabishana sana juu ya kubadilisha Katiba, na kila mtu anafikiri juu ya muhula wa Rais. Karibu hakuna anayefikiri juu ya kifungu cha 170.

Kapu la sadaka

Kipimo ambacho Arusha hawakukiandika, mimi nakiona kila juma baada ya ibada.

Kanisa letu liko katika mji wa wafanyabiashara, karibu na barabara inayokwenda Kasindi na Uganda. Tukimwaga kapu la sadaka mezani, mweka hazina anafungua daftari lenye safu tatu: franka, dola, shilingi za Uganda. Wachungaji wenzangu wa Goma na Bukavu wana safu ya franka za Rwanda, na wa Uvira wana franka za Burundi. Baada ya kuhesabu, shemasi anatenga zile dola zenye mpasuko mdogo au alama ya kalamu, kwa maana hakuna atakayezipokea, hata kama Marekani kwenyewe noti hiyo ingenunua mkate bila mtu kuuliza. Halafu tunajadiliana juu ya kiwango cha kubadilisha: tuandike cha jana au cha leo asubuhi?

Ninapowaza juu ya meza hiyo, namkumbuka Bwana wetu katika ua wa hekalu. Yerusalemu ya wakati ule ulikuwa mji wa sarafu nyingi kama miji yetu. Kodi ililipwa kwa dinari yenye sura ya Kaisari, lakini ushuru wa hekalu ulitakiwa kwa fedha ya Tiro. Mahujaji walitoka kila upande na sarafu zao, na katikati walikaa wabadilishaji wenye meza. Tunahubiri mara nyingi juu ya hasira ya Yesu na meza zilizopinduliwa, lakini hatusimami kuuliza ni nani aliyekuwa akilipa gharama ya kubadilisha. Alikuwa ni mjane aliyetoka mbali.

Kwetu mjane huyo anakwenda Kasindi. Tuseme anauza maharage yake kwa franka, anazibadilisha kuwa dola, halafu mpakani anabadilisha dola kuwa shilingi ili anunue bidhaa upande wa Mpondwe. Tuseme kila mara anapoteza 2 kwa mia tu, na wenye kuijua kazi hii watasema nimekuwa mpole. Katika dola 100 anabaki na 96. Dola 4 zimekwenda na hajanunua kitu, hajalipa mzigo, hajalipa vizuizi vya barabarani. Akifanya safari hiyo kila juma, mwisho wa mwaka zimepotea dola zaidi ya 200, ambazo kwa wengi wetu ni karo ya watoto. Hii ndiyo hoja kubwa zaidi ya kutaka sarafu moja, na mimi naipokea kwa moyo wote. Wanaosema kwamba jambo hili ni la wakubwa wa Kinshasa na Nairobi hawajawahi kubeba gunia mpaka mpakani.

Lakini kapu lile lile linaonyesha jambo lingine. Wanasiasa wetu wakisimama kusema kwamba sarafu ya pamoja itatunyang'anya mamlaka yetu, natamani kuwaalika siku ya kuhesabu sadaka. Mamlaka gani? Karibu sehemu tisa kati ya kumi za pesa zilizowekwa katika banki za Kongo ni pesa za kigeni, hasa dola. Nyumba inapangishwa kwa dola, kiwanja kinauzwa kwa dola, mahari inatajwa kwa dola, na sisi wachungaji tukitaka kujenga hekalu tunatangaza mchango kwa dola. Sehemu kubwa ya mamlaka tunayoogopa kuipeleka Arusha tulikwisha kuipeleka Washington zamani, na Washington hatuna kiti wala kura. Katika Jumuiya angalau tutakuwa na kiti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuifanya franka ipendwe nyumbani. Nchi ambayo watu wake wanaikimbia sarafu yao haina kitu cha kuweka mezani siku ya kuunganisha. Mwaka 2025 tuliona jinsi kazi hii ilivyo ngumu. Banki Kuu, ikiwa na gavana mpya, iliuza dola na kukaza masharti kwa banki, na franka ikapanda: kutoka zaidi ya franka 2,800 kwa dola moja hadi chini ya 2,400 katika majuma machache. Redioni ilikuwa sherehe. Katika kanisa langu haikuwa sherehe kwa wote. Askari na waalimu wanaolipwa kwa franka walishukuru. Wale waliokuwa wamefungia dola 50 ndani ya kitambaa waliona zinanunua kidogo kuliko jana, na bei dukani hazikushuka kwa kiasi kile kile, kwa maana mfanyabiashara anajua kupandisha haraka na kushusha polepole. Mzazi mmoja aliniambia: "Pasta, dola ikipanda ninalia, ikishuka ninalia." Sikuwa na jibu zuri. Imani katika pesa hukua kama imani ya mtoto kwa baba aliyemdanganya mara nyingi. Ahadi moja iliyotimizwa haitoshi.

Vitu ambavyo wazee wanavikumbuka

Kwa nini watu wetu hawaamini? Si kwa sababu ya ujinga. Ni kwa sababu ya kumbukumbu.

Siku ya Noeli 1979, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha. Waliokuwa vijijini, mbali na banki, walibaki na karatasi. Kuna wazee katika makanisa yetu waliopoteza siku ile bei ya ng'ombe, ya mwaka mzima wa kahawa. Mwaka 1993 ilikuwa mbaya zaidi. Serikali ilichapa noti ya zaire milioni 5, Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi, baba wa Rais wa leo, alisema noti hiyo si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliokuwa wamelipwa kwa noti hiyo wakaingia barabarani Kinshasa mwezi wa kwanza, wakapora na kuua. Mwisho wa mwaka huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai ikaikataa kabisa na kuendelea na zaire za zamani kwa miaka. Nchi moja, sarafu mbili. Halafu 1998 franka ya Kongo ilirudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Anayetaka kuwaambia watu hawa "tutabadilisha pesa zenu, msiwe na hofu" ajue anazungumza na nani.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo vijana hawaijui. Sarafu moja na majirani si ndoto mpya kwetu. Wakati wa Wabelgiji, franka ile ile ilitumika Léopoldville, Bukavu, Kigali na Usumbura. Banki moja ilihudumia Kongo na Ruanda-Urundi mpaka 1960. Baada ya Kongo kutoka, Rwanda na Burundi zilibaki na franka ya pamoja miaka michache, mpaka 1964 zikaachana. Upande wa Kenya, Uganda na Tanzania ni vile vile: walitumia shilingi moja iliyosimamiwa na bodi moja tangu enzi ya Mwingereza, na 1966 kila nchi ikaanzisha yake. Hakuna aliyewalazimisha kuachana. Kila serikali mpya ilitaka kushika funguo za sanduku lake. Sarafu zile za pamoja zililindwa na mtawala wa kigeni, alipoondoka hazikudumu. Itifaki ya 2013 inajaribu kitu kigumu zaidi, yaani umoja wa pesa kati ya nchi huru zinazokubaliana zenyewe.

Na je, zinakubaliana? Hapa ndugu zangu nitasema wazi, kwa maana tukinyamaza mawe yatasema. Sarafu ya pamoja ni banki kuu moja. Banki kuu moja maana yake ni watu wa Kinshasa na wa Kigali kukaa katika chumba kimoja, kuonyeshana daftari, na kuamua pamoja kiasi cha pesa kitakachoingia Masisi na Musanze. Leo Goma, tangu mwisho wa Januari 2025, na Bukavu, tangu Februari, ziko mikononi mwa AFC/M23. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja juu ya msaada wa Rwanda kwa kundi hilo, Kigali inakana. Jeshi la Jumuiya lililokuja kwetu mwisho wa 2022 liliondoka Desemba 2023, na serikali yetu haikuficha kwamba haikuridhika nalo. Mapatano ya Washington ya 2025 yana sehemu inayozungumzia ushirikiano wa uchumi kati ya Kongo na Rwanda. Karatasi hiyo ni nzuri. Lakini mkristo wa Sake aliyelala kambini hawezi kusikia maneno "sarafu ya pamoja" kama anavyoyasikia mkristo wa Kampala.

Tena vita imetuonyesha jambo juu ya pesa ambalo Arusha hawana budi kulisikia. Goma ilipoanguka, banki zilifunga milango. Mtu mwenye akiba banki hakuweza kuichukua. Kutoa pesa katika simu kulikatwa sana, kwa maana noti zenyewe zilikuwa haba. Franka zilizokuwa mjini zilizeeka mikononi, zikapasuka, na wauzaji wakaanza kuzikataa, wakati noti mpya haziingii. Hapo, bila mkutano wala itifaki, franka za Rwanda na dola zilichukua nafasi. Mwenzangu mmoja wa huko aliniambia kanisa lake lilikuwa na mchango wa msiba uliolipwa kwa noti zilizogandishwa na gundi, na mwenye kuuza sanduku alikataa. Ninachoogopa ni kile cha Kasai 1993: kwamba kabla ya kupata sarafu moja na majirani saba, tutakuwa na sarafu mbili ndani ya nchi moja. Mpaka wa pesa ukikaa muda mrefu, unageuka kuwa mpaka wa nchi.

Daftari la kweli

Kuna nchi zilizotangulia katika njia hii, na mbili zinatufaa.

Uingereza mwaka 1997 iliandika majaribio matano ya uchumi mbele ya kuamua kuingia katika euro. Walitayarisha hata mpango wa jinsi ya kubadilisha mashine, mishahara na hesabu. Mwaka 2003 wakajipima, wakaona wamefaulu jaribio moja tu, wakabaki na pauni. Mtu anaweza kusema walikuwa na siasa zao ndani, na ni kweli. Lakini walijipima mbele ya watu, na jibu lilichapishwa.

Ugiriki iliingia katika euro 2001. Mwaka 2004 ikajulikana kwamba pengo la bajeti lilikuwa kubwa kuliko namba zilizopelekwa, na kwamba hawakuwa ndani ya kipimo. Kwa miaka kadhaa hakuna kilichotokea. Walikopa kwa bei rahisi kama Wajerumani. Tangu mwisho wa 2009 deni likawalemea, na walioumia ni wazee wa pensheni na vijana wasio na kazi, si wale walioandika namba. Mithali inarudia mara kadhaa kwamba Mungu anachukia mizani ya udanganyifu. Tumezoea kuihubiri kwa mama anayeuza unga sokoni na kopo lililobonyezwa. Wizara ya fedha nayo ina kopo.

Hili linatugusa kwa sababu katika Jumuiya yetu namba hazilingani ukweli. Burundi kwa miaka hii imekuwa na bei mbili za dola: ya banki, na ya barabarani iliyokuwa mara mbili na zaidi ya ile ya banki. Sudan Kusini inategemea mafuta na vita. Kongo inategemea shaba na kobalti. Karibu sehemu saba kati ya kumi za kobalti ya dunia zinatoka kwetu, na Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno. Bei ya kobalti ikianguka, Mkenya anayeuza chai haoni kitu. Ukame ukiharibu chai, Lubumbashi hawajui. Leo kila nchi inaweza kuacha sarafu yake ishuke kidogo ili kupumua. Katika sarafu moja dirisha hilo linafungwa, na anayeumia inabidi asaidiwe na wenzake au aumie peke yake kwa kukosa kazi na mishahara. Itifaki inazungumza sana juu ya vipimo na vyombo vya kusimamia. Juu ya nani atamsaidia nani siku ya shida, inazungumza kwa sauti ya chini. Mtume Paulo, alipokusanya mchango wa makanisa ya Makedonia kwa ajili ya Yerusalemu, alianza na swali hilo.

Maoni yangu, kama yana faida: tusiikatae sarafu ya pamoja, na tusiiharakishe. Ningefurahi 2031 ikipita kama 2024 ilivyopita, ikiwa miaka hiyo itatumika kurudisha banki Goma na Bukavu, kufanya noti ya franka 500 ipokelewe Bunia kama Kinshasa, na kumwezesha yule mama wa Kasindi kubadilisha pesa mahali penye bei iliyoandikwa ukutani. Hayo yote yanaweza kufanyika bila kungoja Arusha. Ningeomba pia wabunge wetu wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri, Maniema na Tanganyika, wanaporudi likizo kutusalimia makanisani, waje na ukurasa mmoja unaoonyesha kila mwaka Kongo imefika wapi katika vile vipimo vinne. Tunawapa nafasi ya kusalimia kila mara. Wanaweza kusoma namba nne.

Juma lililopita nilieleza haya katika mafunzo ya jioni. Mzee mmoja, mwenye kofia yake ya zamani, aliinua mkono. Alikuwa amepoteza zaire zake 1979. Hakuuliza juu ya mfumuko wala akiba. Aliuliza: "Siku hiyo ya kubadilisha, watatupa siku ngapi?"

Nilimjibu kwamba serikali haijasema, kwa maana jambo bado liko mbali. Nikamwambia ya Ulaya: noti za euro zilipotoka Januari 2002, watu walipewa majuma ya kutumia zote mbili, na mpaka leo mtu akikuta marki za Ujerumani katika sanduku la marehemu baba yake, banki kuu ya Ujerumani inazipokea na kumpa euro, bila tarehe ya mwisho. Mzee alinyamaza kidogo. Halafu akauliza kama hao Wajerumani wanapokea na zaire.